Nani Nimwombe Ruhusa Sasa?

Lubumbashi, Katuba

Mwanangu mpendwa,

Nimesoma ujumbe wako. Unauliza: "Mama, una miaka 67, mjane, unajifunza gari bila hata kutuuliza? Watu watasema nini?"

Watu wameshasema. Shangazi yako alikuja na akina mama wawili wa kanisani, wakanywa chai yangu, wakanieleza kwamba mwanamke wa rika langu hukaa barazani akalea wajukuu. Wajukuu nawapenda. Baraza limenichosha. (Jumapili mvua ilipowashika, wote watatu walipanda gari langu bila hotuba.)

Hilo la kuuliza ndilo lililonikera. Usichana wangu nilimwomba baba ruhusa. Nilipoolewa, nikamwomba baba yako. Sheria ya familia ya 1987 nayo ikataka mke apate idhini ya mume kabla ya kujifunga kwa mkataba. Nilipopata kibanda soko la Kenya, hapa hapa Lubumbashi, ilibidi baba yako akubali kwanza. Alikubali, hakuwa mtu mbaya, Mungu amrehemu. Ila alikubali siku aliyopenda yeye, na kibanda kikawa kimeshachukuliwa. Idhini hiyo ilifutwa 2016, naye ameshazikwa. Sasa zamu yenu, ninyi niliowabeba mgongoni?

Gari lenyewe limetoka Japani, usukani uko kulia, na sisi Kongo tunapita upande huohuo wa kulia. Njia ya Kasumbalesa, kule mpakani na Zambia, ukiwa nyuma ya lori la shaba, huoni kinachokuja. Mwalimu wangu, kijana mdogo kuliko wewe, alinifundisha kuacha nafasi, kutoa pua kidogo, kuchungulia, kurudi. Madereva vijana wanashindwa kurudi. Mimi narudi, hata mara ngapi, wapige honi wachoke. Ukivuka mpaka, wenzetu wanapita kushoto. Usukani unakuwa mahali pake, lakini kichwa kinagoma. Kwenye mzunguko wa kwanza jasho lilinitiririka hadi kwenye kikwembe.

Unga wa bukari, ugali wetu, nafuata mwenyewe sasa. Simngoji tena dereva anayezima simu siku ya mzigo.

Ukija Desemba usikodi teksi, nitakupokea uwanja wa ndege wa Luano. Mlango wa nyuma haufunguki kwa ndani, kwa hiyo kaa mbele, na usinishikie dashibodi kila nikikanyaga breki.

Mama yako