Bakapu kamili au ya nyongeza? Anza na saa za kurejesha

Msomaji mmoja ameuliza swali ambalo wengi wanaotunza seva ndogo wanalo. Ana seva moja ya Proxmox, programu ya kuendesha mashine pepe (kompyuta ndani ya kompyuta), yenye mashine hizo tano, na data iliyomo kwa jumla ni GB 600. Kila usiku vzdump, zana yake ya bakapu, inazibeba zote nzima nzima hadi kwenye NAS (sanduku la diski lililo kwenye mtandao wa ofisi) ya TB 4. Sasa bosi anataka nakala nyingine ikae tawi la pili, na laini ya kwenda huko ni Mb 10 kwa sekunde. Ahamie bakapu ya nyongeza, inayobeba kilichobadilika tu, au aendelee na kamili, inayobeba kila kitu?

Kwa NAS ya pale pale ofisini, hana sababu ya kuhama. Kwa tawi la pili, hana namna nyingine. Karatasi na kalamu vinatosha kuonyesha kwa nini.

Mtandao wa gigabiti 1 hupitisha kama MB 110 kwa sekunde ukiwa hauna kazi nyingine, ila NAS yenye diski za kuzunguka mara nyingi huishia MB 60 hivi. GB 600 kwa kasi hiyo ni saa 2 na dakika 47. Kazi ikianza saa 4 usiku, kabla ya saa 7 imekwisha. Zikibanwa kwa zstd, programu ya kupunguza ukubwa wa data, nyaraka na hifadhidata za kawaida zinaweza kushuka hadi nusu, yaani GB 300 kwa seti (video na picha hazishuki, zimeshabanwa tayari). TB 4 zinabeba seti 13. Acha nafasi ya kupumulia, weka 10. Usiku unatosha, diski inatosha, na kila faili ya bakapu (.vma.zst) inajitegemea: hata ya jana ikiharibika, ya juzi iko salama. Mtu mwenye hali hii akianza kuhangaika na minyororo ya nyongeza, kila moja ikitegemea iliyotangulia, anajitafutia kazi isiyokuwepo.

Sasa peleka GB 300 hizo tawini. Mb 10 ni MB 1.25 kwa sekunde, kwa hiyo utahitaji saa 67. Bakapu ya Jumatatu usiku itafika Alhamisi jioni, na wakati huo za Jumanne na Jumatano ziko foleni. Lakini ikiwa kinachobadilika kwa siku ni asilimia 3, hizo ni GB 18, zikibanwa GB 9, na saa 2 zinatosha.

Asilimia 3 hiyo usiichukue kama aya ya msahafu. Pima mwenyewe kwa wiki nzima, maana kiasi cha mabadiliko ndicho kinachoamua kila kitu, na mara nyingi kinapandishwa na vitu ambavyo watumiaji hawana habari navyo. Mchawi mkuu ni dampo la hifadhidata, yaani nakala yake yote iliyoandikwa kwenye faili moja. Mtu ameweka kazi ya cron (ratiba inayojiendesha), kila saa 6 usiku mysqldump, zana ya madampo, inaandika faili ya GB 40 iliyobanwa kwa gzip ndani ya diski ile ile ya mashine. Hata kama rekodi zilizoongezeka siku hiyo ni mia mbili tu, faili mpya haifanani na ya jana karibu popote, na bakapu ya nyongeza inabeba GB 40 zote. Tiba ni kuipa mashine diski ya pili ya madampo, na kwenye mipangilio ya diski hiyo kuondoa tiki ya Backup. Madampo yenyewe yapelekwe kwa njia yao. Faili ya swap (inayosaidia RAM ikijaa) na diski ya Windows inayopangwa upya kila wiki huleta balaa la aina hiyo hiyo.

Jambo jingine ni nafasi iliyofutwa. Ukifuta faili ya GB 50 ndani ya mashine, bloku zake (sehemu ndogo ndogo za diski) kwenye diski pepe hubaki na data ileile, na bakapu kamili itaendelea kuzisoma na kuzibeba. Washa Discard kwenye diski hiyo, kisha ndani ya Linux endesha fstrim -av, ili nafasi iliyofutwa iachiwe kweli. Usishangae seti ikipungua ghafla.

Tukirudi kwenye nyongeza, jiulize: nani anajua bloku gani zimebadilika? Kwa Proxmox Backup Server (seva ya bakapu ya Proxmox), QEMU, programu inayoiendesha kila mashine pepe, hutunza ramani ya mabadiliko ndani ya RAM wakati mashine inawaka. Mashine ikizimwa, au umeme ukikatika, ramani inapotea. Hapo usalama haupungui, unachopoteza ni muda: diski yote inasomwa upya, ila vipande vipya tu ndivyo vinavyotumwa. Utaliona kwenye logi. Ikisema "dirty-bitmap status: created new", jua inasoma kila kitu. Ikisema "OK" na kufuatiwa na kitu kama "2.1 GiB of 80.0 GiB dirty", hicho kiasi cha kwanza ndicho kipimo chako, kiandike kila asubuhi. Kuwasha upya kutoka ndani ya mashine hakuiui ramani, kwa sababu mchakato wa QEMU unabaki hai. Kuzima kabisa na kuwasha ndiko kunakoiua.

VMware nao, watengenezaji wengine wa programu za mashine pepe, wana ramani yao tangu vSphere 4 ya mwaka 2009, inayokaa kwenye faili za -ctk.vmdk. Mwaka 2014 iligundulika kwamba diski ikipanuliwa kupita GB 128, ramani ile ingeweza kutoa orodha yenye makosa. Bakapu zilimalizika zikiwa na alama ya kijani, huku bloku nyingine zilizobadilika zimeachwa nje. Kasoro hiyo ilisharekebishwa zamani, lakini inaonyesha udhaifu wa nyongeza ulipo: ramani ikidanganya, kila bakapu inayoifuata inadanganya, na hakuna kengele inayolia. Kwa hiyo ukipanua diski au kuihamishia hifadhi nyingine, chukua bakapu kamili usiku huo huo.

Kuna pia suala la mnyororo. Programu za mtindo wa kizamani huchukua kamili Jumapili na nyongeza siku sita. Ukitaka kurejesha ya Ijumaa unahitaji faili ya Jumapili pamoja na tano zilizofuata, zote zikiwa nzima. Na watu hukosea sana hesabu ya nafasi. Mtu anataka siku 14, anadhani atahitaji kamili mbili na nyongeza kumi na mbili. Sivyo. Kamili ya zamani haifutiki hadi nyongeza zote zinazoitegemea zitoke kwenye muda wa kutunza, kwa hiyo kuna siku utakuwa na pointi 20 za kurejeshea: kamili 3 na nyongeza 17. Kwa mashine ya GB 200 inayobadilika GB 6 kwa siku, hizo ni GB 702, wakati yeye alitenga 472. Diski inajaa Jumamosi usiku, kazi inafeli, na Jumatatu ndiyo inagundulika.

Proxmox Backup Server haina mnyororo wa namna hiyo. Diski inakatwa vipande vya MiB 4, kila kipande kinatambuliwa kwa alama ya SHA-256 (inayokokotolewa kutoka data yake), na bakapu ya kila siku ni faharasa inayotaja vipande vyake vyote. Unaweza kufuta ya siku yoyote bila kugusa nyingine. Msidanganyike, hata hivyo: kipande kilichotumiwa na bakapu thelathini kikioza, zote thelathini zimeoza mahali hapo. Ndiyo maana kazi ya Verify, inayokagua kama vipande bado ni vizima, si ya hiari. Iendeshe kwa bakapu mpya kila siku, na za zamani zirudiwe kila baada ya siku 30.

Na ukifuta bakapu usitegemee nafasi irudi papo hapo. Prune, kazi ya kufuta bakapu za zamani, huondoa faharasa tu. Vipande huondolewa na Garbage Collection, nayo huviacha vyote vilivyoguswa ndani ya saa 24 na dakika 5 zilizopita. Kazi hiyo hugusa kila kipande kinachotumika, na TB 1 ni kama vipande 240,000, hivyo kuweka hifadhi hii juu ya NFS (njia ya kutumia diski kupitia mtandao) ya NAS ya polepole ni kujitesa. Weka SSD ukiweza. RAM iwe GiB 4 za mfumo, na GiB 1 zaidi kwa kila TiB ya hifadhi.

Kwa ndugu aliyeuliza, basi, ningepanga hivi. Kompyuta ndogo yenye Backup Server ikae ofisini, ipokee kila usiku. Seva ya pili iletwe kwanza hapo hapo, ijazwe kwa waya wa gigabiti kwa Sync Job (kazi ya kunakili bakapu kutoka seva moja hadi nyingine), ndipo ipakiwe kwenye gari kwenda tawini. Kuijaza mara ya kwanza kupitia laini ni zile saa 67. NAS iendelee na kamili, sasa mara moja kwa wiki, kama njia isiyotegemea vipande wala faharasa. Usielekeze Proxmox moja kwa moja kwenye seva ya tawini. Wakati wa bakapu, mashine ikitaka kuandika juu ya bloku ambayo haijabebwa, inasubiri bloku ya zamani ifike kwanza, na kwa MB 1.25 kwa sekunde watumiaji watadhani seva imekufa. Kuanzia Proxmox 8.2 kuna Fleecing inayoweka bloku hizo pembeni kwenye diski ya haraka, lakini kituo cha katikati, ile kompyuta ndogo ya ofisini, ni bora zaidi.

Usisahau qemu-guest-agent, programu inayoiandaa mashine kabla ya bakapu, ndani ya kila mashine, pamoja na amri ya qm set 101 --agent enabled=1 (101 ni namba ya mashine). Bila hiyo, utakachorejesha ni mashine iliyo kama imechomolewa waya wa umeme.

Mara moja kwa mwezi rejesha kweli, kwa namba nyingine ya mashine, ukitumia amri ya qmrestore na --unique 1 ili ipate anwani mpya ya MAC (utambulisho wa kadi ya mtandao). Kabla ya kuiwasha, tiki Disconnect kwenye kadi yake ya mtandao, la sivyo itagombania IP na mashine halisi. Fungua hifadhidata, tazama rekodi ya mwisho ni ya saa ngapi, na andika muda uliotumika. Kurejesha mashine ya GB 400 kwa MB 60 kwa sekunde ni karibu saa 2, iwe kutoka kamili au nyongeza. Bosi aijue namba hiyo mapema.

Kuhusu kufunga data kwa ufunguo, amua kabla seva ya tawini haijapakiwa. Vipande vilivyofungwa kwa ufunguo mmoja havifanani na vya ufunguo mwingine, hivyo ukibadili mawazo baadaye utatuma GB 300 upya kupitia laini ile ile. Ufunguo wenyewe uchapishe kwa proxmox-backup-client key paperkey, ukae kwenye kabati la fedha, mbali na seva.