Waigizaji chipukizi, hebu tusikizane kabla ya ziara ya maonyesho shuleni

Juzi mazoezini mmoja wenu alichomekea utani wa mtandaoni katikati ya mazungumzo. Wenzake wakaangua kicheko, naye akaurudia. Mimi sikucheka.

1. Shikeni maneno yenu na ya mwenzenu pia, maana siku akisahau ni wewe utakayemwokoa.

2. Msiongeze neno kwenye tamthilia teule, zile wanafunzi wanazotahiniwa. Hapa nitakaa kidogo. Enzi za Kigogo, tamthilia ya Pauline Kea, nilicheza Ngurumo, yule mlevi wa Mangweni, na mnajua mlevi anavyopendwa ukumbini. Shule moja, saa nane mchana, mabati yanachoma, wanafunzi wanasinzia. Nikatupia la kwangu: "Kunywa kwa deni si kosa, kosa ni kulipa!" Ukumbi ukalipuka. Tangu hapo kila shule nikalitia, mwongozaji akinikata jicho nami nikijifanya simwoni.

Muhula uliofuata, mwalimu mmoja wa Kiswahili akamtumia kiongozi wetu picha ya karatasi ya mtihani wa mwigo. Swali la ulevi, alama 20, na mtoto wa watu ameandika kwa hati safi kabisa: "Kama Ngurumo anavyosema, kunywa kwa deni si kosa..." Pembeni, kalamu nyekundu: "Uk. upi?" Wala hakuwa peke yake. Karatasi kadhaa zilikuwa na Ngurumo wangu, si wa Pauline Kea. Jamani, msahihishaji wa KCSE, mtihani wa kitaifa wa kumaliza sekondari Kenya, hakuja kwenye onyesho lenu. Ana mwongozo na kitabu, basi. Shule ile haikutualika tena, na walikuwa na haki. Kiongozi hata hakunigombeza. Alinipa simu nisome, kisha akauliza kama nina nauli ya kwenda kumwomba mwalimu radhi au anikopeshe.

3. Ulizeni malipo kabla ya kupanda matatu. Ukiambiwa "tutakuangalia", rudi ulale.

4. Wale mnaoanza kuingiza sauti kwenye tamthilia za kigeni, mnanichosha kwa kelele. Jukwaani tunamrushia sauti mtoto wa safu ya nyuma; studio maikrofoni iko shubiri moja kutoka mdomoni. Herufi p na b zinaipiga kama kofi, kwa hiyo geuza uso kidogo. Kuleni kabla ya kuja, tumbo linasikika. Na msisome mistari tu: mhusika akihema, hema, akimeza mate, meza. Mwanzoni niliwahi kuacha mwanamke mzima analia kwenye skrini bila pumzi hata moja, fundi mitambo akaniuliza kama huyo mama ni maiti.

Na dada uliyekuja jana na bangili mkono mzima, unajijua. Tumerudia onyesho zima la mazishi kwa ajili yako. Alhamisi njoo mikono mitupu.