Jirani Anilelee Watoto: Nimlipe Vipi?

SWALI: Naishi Mwanakwerekwe, kazi yangu iko Darajani. Nina mtoto wa miezi minane na mwengine wa miaka mitatu. Jirani yuko tayari kukaa nao kwake mpaka saa kumi jioni. Nimtazame nini, na malipo yaweje?
Mama Wawili, Unguja

JIBU: Mama Wawili, kabla ya bei itazame nyumba yake. Kisima kina mfuniko? Ndoo za maji zinaachwa wazi? Mtoto anayetambaa huzama hata kwenye ndoo isiyojaa. Jiko la mkaa likae mbali, mafuta ya taa yasitiwe kwenye chupa ya soda. Muulize pia ana watoto wangapi wengine. Vichanga watatu kwa mtu mmoja ni wengi.

Kaa naye siku mbili tatu, kisha muachie watoto kwa saa chache kwanza. Maziwa uliyokamua yasikae nje kwa muda wa zaidi ya saa nne, na kwa joto letu ni bora yawe kwenye barafu. Dawa asimpe bila kukupigia.

Malipo, patana kwa siku. Tuseme ni shilingi 5,000: siku 22 ni 110,000. Ugomvi huanzia kwenye yasiyosemwa: daladala ikichelewa, kila nusu saa ni kiasi gani? Mtoto akiumwa ukabaki naye, analipwa? (Sisi tungelipa nusu; keshakuwekea nafasi.) Uji na nepi ni juu yako. Andikeni kwenye daftari, kila mmoja na nakala yake. Na Ramadhani saa hubadilika, mzungumze mapema.