Redio ya Gari Ikikudai Namba, Usibahatishe

Juzi baada ya isha kijana mmoja wa Kisauni, hapa Mombasa, aliniletea ujumbe: "Kaka, nimenunua redio ya gari ya mtumba, nimeifunga, sasa inadai namba. Nitumie ile programu ya kufungua redio zote." Hakusalimu, hakutaja ni redio ya gari gani, wala hakusema ameinunua kwa nani. Nikaandika jibu nikalifuta. Nikaandika jingine, kali zaidi, nalo nikalifuta. Mwisho nikazima simu nikalala, maana ujumbe ule ulinigusa pabovu. Miaka sita iliyopita kijana huyo alikuwa mimi.

Wengi mnaonisoma hapa mnafanya kazi hii ya umeme wa magari au mnataka kuifanya, na kila mmoja anaota kibanda chake mwenyewe na jina lake litajwe kutoka Jomvu hadi Likoni. Basi sikilizeni hii, ingawa hainipambi.

Nilikuwa ndiyo kwanza nimefungua pangu Magongo, baada ya miaka ya kuwashikia wengine taa na bisibisi. Wateja wangu karibu wote walikuwa watu wa Toyota, na Toyota za Japani nilizijua. Gari likishuka bandari ya Kilindini, redio yake imezoea masafa ya kwao, kuanzia megahezi 76 hadi 90, na stesheni zetu nyingi ziko juu ya hapo. Mteja anakuja akilalamika kwamba hapati kitu isipokuwa Kijapani kwenye skrini. Unamfungia kile kisanduku kidogo cha kushusha masafa kwenye waya wa erieli, unachukua chako, mnaagana. Ni kazi ya muda mfupi na mteja anaondoka akikusifu. Nikajiona nimefika.

Akaja mzee mmoja wa Tudor na Volkswagen Golf iliyotoka Uingereza. Mwalimu mstaafu, mtu wa heshima zake, kanzu imenyooka kwa pasi. Betri ilikuwa imemfia, jirani akamsaidia kuwasha kwa betri ya gari lake, na katika haraka ile nyaya zikageuzwa, chanya ikashikishwa hasi. Fyuzi zikaenda, zikabadilishwa, gari likapona. Redio haikusema tena. Mimi nikaichomoa, nikainusa, nikasikia harufu ya kuungua, na papo hapo nikahukumu: "Mzee wangu, hii imekwisha. Nitakutafutia nyingine kama hii hii." Hata kifuniko sikukifungua. Shikeni hapo, tutaparudia.

Nyingine niliipata kwenye duka moja la spea kisiwani, ndani ya rundo. Sura yake na ile ya mzee ilikuwa moja, hata herufi za modeli. Plagi bado ilikuwa imechomekwa nyuma, nyaya zake zimekatwa kwa kisu. Leo nikiona redio ya namna hiyo naiweka chini na kuondoka, kwa sababu mtu anayeng'oa redio yake mwenyewe huchomoa plagi, na anayekata kwa kisu ana haraka zake. Siku ile sikuliona hilo. Shilingi elfu nane. Sikuomba risiti, sikuuliza ilitoka gari gani. Nilichouliza ni kama atanipunguzia mia tano.

Nikaifunga mzee akiwa amekaa kiti cha pembeni. Ikawaka, taa zikapendeza, kisha kwenye kioo chake zikatokea herufi nne: SAFE.

"Ni nini hiyo?" akauliza.

"Dakika tano tu, mzee."

Nilikuwa najua, kwa kusikia tu, kwamba redio hizo zina namba ya siri ya tarakimu nne. Mafundi wetu huiita "kodi", kana kwamba redio nayo imepanga nyumba. Nikajaribu 0000. Nikajaribu 1234. Baada ya hiyo ya pili ikajifunga, ikawa haipokei kitu chochote. Ndivyo ilivyoundwa: ukikosea mara mbili unasubiri kama saa nzima, redio ikiwa imewashwa, ndipo ikupe nafasi mbili nyingine. Namba za tarakimu nne ni 10,000. Mbili kwa saa, usiku na mchana bila kulala, ni karibu miezi saba. Hesabu hiyo mwanafunzi wa mzee wa darasa la sita angeifanya. Mimi sikuifanya. Nilimwambia aliache gari hadi kesho.

Likakaa siku nne. Nilijaribu mwaka wa gari, nikajaribu tarakimu za mwisho za stika iliyo ubavuni mwa redio, nikajaribu namba za bahati za shemeji yangu. Usiku wa tatu niliacha swichi ya gari imewashwa ili zile saa za kungoja zipite nikiwa nimelala. Alfajiri betri haina hata tone. Mzee alipofika alinikuta nimeunganisha nyaya na gari la jirani, naliamsha Golf lake kwa njia ile ile iliyomletea balaa mwanzoni. Akatazama nyaya, akatazama redio, akanitazama mimi, halafu akauliza kwa sauti ya chini kabisa:

"Mwanangu, redio hii umeitoa wapi?"

Hakunituhumu, na hapo ndipo uchungu ulipo. Aliuliza tu, na mimi nikakosa la kumwambia. Kwenye benchi walikuwepo wateja wawili wakisubiri zamu. Kabla ya laasiri Magongo nzima ilishajua kuna fundi anafunga redio za wizi. Mke wangu akaulizwa sokoni. Waliolivumisha wengine ni mafundi wenzangu, na leo tukikutana msikitini tunapeana mikono vizuri tu, lakini sijasahau ni akina nani.

Nikarudi dukani. Mwenye duka akanijibu, "Mimi nimekuuzia redio. Namba sikukuuzia." Nikatafuta wa kwenye simu, yule anayejitangaza kuwa anafungua redio za dunia nzima. Nikampelekea picha ya stika na shilingi elfu moja mia tano kwa M-Pesa. Akaniletea tarakimu nne, zikakataa. Nilipompigia nikapokewa na yule dada wa mtandao: mteja wa nambari uliyopiga hapatikani kwa sasa.

Usiku huo, kwa hasira tu, nikaichukua redio ya zamani ya mzee nikafungua kifuniko. Mahali umeme unapoingilia kulikuwa na dayodi moja imepasuka na kuwa nyeusi. Kazi ya dayodi ile ni hiyo hiyo: nyaya zikigeuzwa inajitoa mhanga ili vilivyo nyuma yake visiungue. Nikaing'oa, nikachoma nyingine kwa risasi, kitu cha shilingi hamsini. Nikaiwasha juu ya meza. Ikawaka. Na yenyewe ikaandika SAFE.

Niliketi chini nikashika tama. Lakini gari lilikuwa pale nje na redio yenyewe nilikuwa nayo mkononi, nikasema liwalo na liwe. Nikaichomeka kwenye dashibodi yake. Haikuuliza kitu. Ikafungua stesheni ile ile aliyokuwa akisikiliza mzee, na saa ile zilikuwa zinapigwa taarabu za zamani.

Baadaye nilijifunza sababu. Kwenye magari ya ukoo ule, redio na dashi ya mishale, ile inayoonyesha mwendo na mafuta, vinatambuana. Ikiwa ndani ya gari lake haidai namba hata ukitoa betri, na ukiipeleka gari jingine au mezani inadai namba. Mimi ilikuwa hainijui. Nyumba yake iliijua.

Mzee nilikataa kumtoza. Akanilazimisha kuchukua mia mbili, akasema ahsante mwanangu, akavuka Makupa kurudi kisiwani. Hajarudi kwangu tena.

Sasa ushauri, kwa kuwa ndio mliokuja kuufuata.

Namba haimo kichwani mwa fundi. Imeandikwa mahali. Kwenye Honda nyingi zilizouzwa Ulaya na Marekani huja kwenye kadi ndogo pamoja na kitabu cha gari, tarakimu tano. Wenyewe waliotangulia mara nyingi huibandika ndani ya kitabu au huiandika kwa kalamu ukurasa wa mwisho. Tafuteni huko kwanza, msianze na vitufe. Ukikosa, peleka kitambulisho, logibuku na namba ya redio yenyewe, ile ya kuitambulisha na si ya siri, kwa wakala rasmi wa gari hilo, naye ana njia ya kuuliza kiwandani. Kwenye Honda kadhaa hiyo namba ya redio unaweza kuisoma kwenye kioo bila kufungua dashi: zima redio, shikilia kitufe cha 1 na cha 6 pamoja, kisha iwashe. Honda ni mpole kuliko Volkswagen. Inakuvumilia hadi mara kumi, halafu nayo inakufungia kwa saa nzima.

Toyota za Japani zina kasheshe zake. Zile zenye ramani, baadhi hubeba ramani na programu kwenye kadi ya SD, na mtu akiichomoa kadi ile ajiwekee nyimbo, skrini inabaki ikidai kadi yake kwa Kijapani. Nimeshawaona waliofuta kadi hiyo kwa mikono yao wenyewe, wakaijaza kaswida, halafu wakaja kwangu kusema redio mbovu. Kadi ya gari msiiguse, na mkinunua redio kama hiyo ulizeni kadi iko wapi kabla pesa hazijatoka mfukoni.

Audi na Volkswagen za karibuni ndizo msijitie ujuzi nazo kabisa. Kule hakuna tena tarakimu nne. Redio imesajiliwa kwa gari lake kwenye kompyuta za kiwanda, na kuihamisha kunataka mashine ya wakala iliyounganishwa na kiwanda kwa intaneti. Ukiifunga bila hivyo unaweza kupata skrini inayowaka na spika zisizotoa sauti. Mtu akikuuzia kwa bei ya kutupa, anajua kwa nini anaitupa.

Na kuna ile redio inayosahau namba kila asubuhi. Mteja anaapa imerogwa. Tazameni umeme wa kudumu, ule usiokatika hata ufunguo ukitolewa. Kwenye redio za kununua dukani, zisizokuja na gari, huwa waya wa manjano, na mwekundu ndio wa swichi. Fundi akikata plagi na kusokota nyaya kwa kukisia, umeme wa kudumu anaupeleka kwenye swichi, na kila ukizima gari redio inadhani imeibwa. Ukibadilisha betri pia, shikiza betri nyingine ya volti 12 pembeni kwanza ili redio isikose umeme. Angalia chanya na hasi. Angalia tena.

Wiki iliyopita alikuja dada mmoja wa Bamburi na Honda yake, redio ya kubadilisha ameinunua mwenyewe. Kabla ya kushika bisibisi nilimuomba risiti. Alikuwa nayo. Nikamuuliza kama muuzaji alimpa karatasi nyingine yoyote, akapekua mkoba akatoa bahasha, na ndani ile kadi. Nikabonyeza tarakimu tano, redio ikaimba. Dada akanitazama: "Ndiyo hiyo tu? Na unataka elfu moja?" Nikamwambia elfu moja si ya kubonyeza. Akanipa mia saba. Nilifurahi hata hivyo, siwezi kuficha, nikamsimulia kila aliyepita siku ile.

Nanyi vijana mnaonunua kwenye marundo, mnajua redio hizi zilifungiwa namba kwa nini? Ni kwa sababu ziliibwa mno. Kufuli lile liliwekwa ili mwizi akose soko, na soko lenyewe ni mimi na wewe. Kanuni ya Adhabu yetu, Sura ya 63, kifungu cha 322, haimtaki aliyeng'oa peke yake. Inamtaka pia anayepokea mali akijua, au akiwa na sababu ya kuamini, kwamba ni ya wizi, na adhabu inafika miaka 14. Nyaya zilizokatwa kwa kisu ni sababu ya kuamini. Bei ya nusu kutoka kwa mtu anayetazama nyuma kila gari linapopunguza mwendo ni sababu ya kuamini. Mimi nilikuwa na sababu zote mbili nikaomba nipunguziwe mia tano. Mungu alinisitiri tu, aliyekuja kuniuliza akawa mwalimu na si askari. Msimtegemee huyo mwalimu, ombeni risiti. Hata muuzaji akiwa rafiki yako, hata akiwa ami yako, omba risiti, na iandikwe namba ya redio juu yake.

Ile redio ya elfu nane bado ninayo. Iko juu ya kabati kibandani, imefungwa kwenye mfuko wa nailoni. Dukani hawakuitaka, kuiuza siwezi, na kuitupa naona uchungu wa pesa yangu. Mteja akiiona akaniuliza bei namwambia hiyo si ya kuuza.

Kijana wa Kisauni, samahani nilichelewa kukujibu. Nipigie picha ya stika ya redio na nyuma pale nyaya zinapoingilia. Lakini kabla ya picha hizo nitumie risiti.