Kabla Hamjachagua Mji wa Mashindano, Ulizeni Nani Atakuwa Nyumbani

Mpwa wangu, anayecheza mpira wa kikapu katika chuo kidogo cha katikati ya Marekani, alinipigia simu wiki mbili zilizopita. Ameteuliwa kuwa mwakilishi wa wachezaji katika kamati itakayopendekeza mji wa kuandalia mashindano ya mwisho wa msimu ya konferensi yao, yaani umoja wa vyuo vinavyocheza ligi moja. "Mjomba," aliniuliza, "wewe uliwahi kukaa kwenye kamati kama hii. Mji wa haki unachaguliwaje?" Nilimjibu kwa haraka, kisha nikaona jibu lile halikutosha, ndiyo maana ninaandika haya kwa ajili yake na kwa wengine wenye watoto au wadogo zao katika vyuo vya huku.

Kwa miaka minane nilifanya kazi katika ofisi ya michezo ya chuo kimoja nikisimamia safari za timu, na mara mbili niliketi kwenye kamati ya kupitia zabuni za miji. Mara ya kwanza nilikosea. Ukumbi tuliopewa bila kodi ulikuwa mali ya chuo mwenzetu katika konferensi hiyohiyo, mfuko wetu ulikuwa mwembamba, na mji wenyewe ulikaribia kitovu cha ramani yetu. Basi nikanyoosha mkono kuunga mkono bila kuuliza zaidi. Msimu uliofuata timu yetu ilisafiri kwa basi kwa muda wa saa tisa, ikafika usiku wa manane, na katika nusu fainali ikakutana na vijana walioamkia vyumbani mwao, wakala chakula walichokizoea, wakatembea kwa miguu hadi ukumbini. Tulifungwa kwa pointi nne. Sidai kwamba ukumbi ndio uliotufunga, kwani wenzetu walicheza vizuri. Lakini nilipowatazama wachezaji wetu wa mwaka wa nne wakivua jezi kwa mara ya mwisho, nilijua kwamba nilikuwa miongoni mwa waliowaongezea mzigo ambao haukuwa wao.

Uzito wa jambo hili unatokana na kinachogombaniwa. Mashindano ya taifa ya wanaume ya NCAA, chama kinachosimamia michezo ya vyuo vya Marekani, huingiza timu 68, na bingwa wa kila konferensi, yaani mshindi wa mashindano yake ya mwisho wa msimu, hupata nafasi yake moja kwa moja. Konferensi kubwa huongezewa nafasi nyingine kwa uteuzi, lakini katika konferensi ndogo mara nyingi bingwa huenda peke yake, hata kama timu iliyoongoza ligi miezi yote imeshindwa kwa kikapu kimoja siku ya mwisho. Konferensi ya ACC iliyajua maumivu hayo mapema. Mwaka 1974, mjini Greensboro, timu ya chuo cha Maryland ilifungwa na ile ya North Carolina State kwa 103 kwa 100 katika muda wa nyongeza, ikabaki nyumbani kwa sababu bingwa pekee ndiye aliyeruhusiwa kwenda, ilhali North Carolina State ilikwenda kutwaa ubingwa wa taifa.

Kwa hiyo swali la kwanza la kamati liwe hili: je, sakafu ya ukumbi unaopendekezwa ni nyumbani kwa mtu? Mashindano ya ACC yalichezwa katika ukumbi wa Reynolds mjini Raleigh tangu 1954 hadi 1966, na ukumbi huo ulikuwa wa North Carolina State, ambayo ilichukua makombe matano kati ya hayo 13. Mashindano ya Conference USA yalifanyika Memphis kuanzia 2005, katika ukumbi ambao timu ya chuo cha Memphis huutumia msimu mzima, na timu hiyo ikabeba kombe mara nne mfululizo, tangu 2006 hadi 2009. Ni kweli kwamba Memphis ya miaka ile ilikuwa na nguvu za kushinda popote. Mwaka 2008 ilifika fainali ya taifa. Vilevile timu ya chuo cha UNLV hucheza katika ukumbi wa Thomas & Mack wa Las Vegas, ambako konferensi yake ya Mountain West hukutana, na baada ya kushinda hapo 2007 na 2008 haikupata kombe jingine katika miaka iliyofuata, hata mwaka 2025. Kwa hiyo tusiseme kwamba sakafu huamua bingwa. Tuseme kwamba humpunguzia mmoja safari, ugeni na shaka, na wengine wote wanalazimika kufidia pengo hilo kwa miguu yao.

Mfano unaoniuma zaidi ni wa Ivy League. Umoja huo wa vyuo vinane ulianza mashindano yake mwaka 2017 katika ukumbi wa Palestra mjini Philadelphia, ambao ni nyumbani kwa chuo cha Pennsylvania. Princeton, iliyokuwa imeshinda michezo yake yote 14 ya ligi, ilipangwa kucheza nusu fainali na Pennsylvania iliyoshinda sita na kupoteza minane, tena katika ukumbi wa Pennsylvania. Princeton ilinusurika kwa 72 kwa 64 katika muda wa nyongeza. Matokeo yaliwaokoa waandaaji na lawama, lakini mpangilio ule haukuwa wa haki hata kidogo. Baadaye wakaanza kuyazungusha mashindano katika kumbi za vyuo mbalimbali. Kuzungusha ni bora kuliko kumpendelea mmoja kila mwaka, ila mchezaji ana miaka minne tu, na zamu ya chuo chake inaweza kuja akiwa ameshahitimu.

Kipimo cha kutumia kipo tayari. NCAA hairuhusu timu kucheza mashindano ya taifa ya wanaume katika ukumbi ambao imechezea zaidi ya michezo mitatu msimu huo, bila kuhesabu mashindano ya konferensi. Ningependa kila kamati ndogo iandike kanuni kama hiyo kwenye tangazo lake la zabuni kabla haijafungua bahasha yoyote, kwa sababu ukishaona ofa ya ukumbi wa bure macho yako hubadilika, kama yangu yalivyobadilika.

Swali la pili ni umbali, na hapa wengi huchukua rula na kutafuta katikati ya ramani. Msifanye hivyo. Andikeni jina la kila chuo, na mbele yake saa za safari kutoka mlango wa bweni hadi mlango wa hoteli, chombo watakachotumia, na siku za masomo watakazopoteza wakifika hadi fainali. Konferensi ya Missouri Valley hukutana St. Louis tangu 1991, na hakuna chuo cha mji huo katika konferensi hiyo. Wanaotoka Carbondale hufika kwa takribani saa mbili, ilhali wa Des Moines na Cedar Falls hutumia zaidi ya saa tano. Si sawa, lakini karibu wote wanaweza kufika kwa basi, pamoja na wazazi na wapiga tarumbeta wao, na hakuna anayelala kwake. Kwangu huo ndio mfano mzuri kuliko yote.

Hata hivyo, umbali hausemi nani atajaza viti. Kansas City iko takribani kilomita 65 tu kutoka Lawrence, makao ya chuo cha Kansas, na vyuo vingine vya konferensi ya Big 12, inayokutana hapo, vimelalamikia hilo kwa miaka. Lakini mashabiki wa chuo cha Iowa State husafiri zaidi ya kilomita 300 kutoka Ames na kuujaza ukumbi, na timu yao ilishinda hapo 2014, 2015, 2017 na 2019. Jambo hili linatupeleka kwenye tiketi, ambako kamati nyingi husinzia. Kila chuo kipewe idadi sawa ya viti vyenye ubora sawa, kisha muamue mapema tiketi za waliotolewa zitakwenda wapi. Timu ikifungwa Alhamisi, mashabiki wake huuza tiketi zao nje ya mlango, na mnunuzi wa haraka ni yule anayeishi karibu. Kufikia Jumamosi ukumbi uliokuwa huru umepata mwenyewe. Tiketi hizo zirudi konferensi, zigawiwe nusu kwa nusu kati ya timu zilizobaki.

Kuhusu fedha nitasema machache. Bei ya juu kabisa ya vyumba vya hoteli iandikwe kwenye mkataba wa mji, si kwenye barua ya ahadi, na ihusu pia wazazi. Timu za wanawake zipewe mji, ukumbi na saa za kucheza kwa kipimo kilekile; nimeona mara nyingi zikipangiwa asubuhi mbele ya viti vitupu.

Ikiwa konferensi haina uwezo wa kukodi ukumbi huru, msijifanye kwamba mnao. Konferensi za Patriot League na America East huchezesha michezo katika ukumbi wa timu iliyomaliza juu zaidi kwenye msimamo, na ninaona haki ndani yake: faida ya nyumbani ipo, lakini imetafutwa kwa miezi miwili ya kucheza. Mkiona lazima mwende kwenye ukumbi wa chuo kimoja, basi mwenyeji asitumie chumba chake cha kila siku cha kubadilishia nguo, na dakika za kuzoea sakafu na ringi ziwe sawa kwa timu zote.

Mkataba nao usizidi miaka mitatu, na uwe na kipengele cha kuuvunja iwapo vyuo wanachama watabadilika, maana siku hizi wanabadilika sana: Big 12 ya Kansas City sasa ina vyuo kutoka majimbo ya Arizona, Utah na Florida.

Kamati ya mpwa wangu ina zabuni mbili mezani, na moja ni ya ukumbi wa bure. Nimemwomba, kabla ya kura, aombe orodha ya timu zote zilizofanya mazoezi katika ukumbi huo msimu uliopita, aisome kwa sauti mbele ya kamati nzima.