Maswali ya madirisha: joto, mwanga, upepo na kioo kipi uchukue

Maswali ya madirisha yamekuwa mengi sana kwa hiyo leo najibu hayo tu. Karibu yote yanaanzia kwenye kioo, nichukue cha rangi gani, kinene kiasi gani, kimoja au viwili. Mi nina mpangilio wangu na siuachi: kwanza dirisha linaangalia wapi, pili lina kivuli gani kwa nje, tatu linafungukaje, afu kioo ndo kinakuja mwisho. Twende.

Habari kaka. Sebule yetu inaangalia magharibi, ukuta wa huko karibu wote ni kioo. Kuanzia saa tisa alasiri hapakaliki. Tumeweka mapazia mazito kabisa lakini joto liko pale pale, tatizo ni nini?

Pole sana dada. Mapazia ni mazuri tu ila yako upande usiosaidia. Jua likishapita kioo linapiga sakafu, makochi na hilo pazia lenyewe, vyote vinapata moto na kuanza kutoa joto, na joto linalotoka kwenye vitu ni la aina nyingine, kioo hakilipitishi moja kwa moja kurudi nje kama kilivyolipitisha jua kuingia, kwa hiyo linabaki humo humo chumbani. Pazia linayaokoa macho yenu na kochi lisipauke, lakini joto limeshaingia tayari.

Fanya hesabu uone ukubwa wake. Jua kali la mchana linaleta kama wati 1,000 kwa kila mita ya mraba inayolitazama uso kwa uso. Tuseme lile la alasiri linaloupiga ukuta wenu ni wati 600, na kioo cheupe cha kawaida kinaruhusu zaidi ya asilimia 80 ya joto hilo kuingia. Dirisha la mita za mraba 6 hapo linakuingizia karibu wati 2,900, yaani ni sawa na kuacha pasi mbili za umeme zinawaka sebuleni alasiri nzima. Hakuna feni itakayoshinda hiyo, na kiyoyozi kitashinda kwa bili.

Dawa ni kulizuia jua kabla halijagusa kioo. Watu wengi wanakimbilia kuongeza kanopi juu ya dirisha, ila kwa magharibi (na mashariki pia, asubuhi) kanopi haisaidii sana kwa sababu jua la muda huo liko chini, linapita chini ya kanopi na kuingia ndani kama kawaida. Huko unahitaji kitu kilichosimama: mbao au alumini za wima zilizogeuzwa pembe kidogo, shata za kufunga na kufungua, turubai la kushusha kwa nje, au fremu ya waya yenye mmea wa kutambaa iliyoachana na ukuta kama nusu mita ili hewa ipite katikati. Mti wenye majani mengi ni mzuri kuliko vyote lakini utausubiri. Kivuli cha nje kikikaa vizuri upande wa magharibi kinaweza kuondoa hata robo tatu ya lile joto, na mapazia yenu mtabaki nayo kwa ajili ya usiku.

Ndo naanza ramani, kiwanja kimekaa wazi pande zote, hakuna jirani aliyenibana. Madirisha makubwa niyaelekeze wapi?

Hili ndo swali ninalolipenda maana bado hujachelewa, na kulijibu sasa hivi hakuna gharama, ni mstari tu kwenye karatasi. Weka pande ndefu za nyumba ziangalie kaskazini na kusini, zile fupi ziangalie mashariki na magharibi, afu huku kwenye fupi weka vitu visivyohitaji dirisha kubwa kama stoo, bafu, ngazi, makabati.

Sababu yake iko hivi. Ukiwa karibu na ikweta, jua la mchana liko juu sana mwaka mzima, linaegemea kaskazini miezi kadhaa na kusini miezi mingine lakini halishuki mbali. Hata mwezi wa 6 na wa 12 linapokuwa limeegemea mwisho kabisa, saa sita mchana limeachana na utosi kwa nyuzi 23 na kidogo tu. Ndo maana dirisha la kaskazini au kusini lenye kimo cha mita 1.2 linafunikwa lote saa sita na kanopi ya sentimita 55, na ukitaka kivuli kidumu hadi saa tisa ifanye sentimita 75. Rahisi namna hiyo! Magharibi hakuna kanopi ya kawaida itakayokupa hivyo.

Ukiwa mbali na ikweta hesabu inageuka kidogo, huko kuna baridi na jua la kipupwe unalitaka liingie. Nusu ya kaskazini ya dunia dirisha kubwa linaangalia kusini, nusu ya kusini linaangalia kaskazini. London kwa mfano, saa sita ya katikati ya Desemba jua liko nyuzi 15 tu juu ya upeo, linaingia mpaka ndani kabisa, lakini Juni linapanda hadi nyuzi 62, kwa hiyo kanopi ile ile inayolikata jua la Juni inaliachia la Desemba lipite. Mi kila nikiichora hiyo nafurahi, kitu hakina mota wala swichi na kinajua majira.

Kama kiwanja kimekulazimisha kuangalia magharibi sio mwisho wa dunia, punguza tu ukubwa wa vioo huko na urudi kwenye jibu la kwanza.

Fundi anasema nikitaka mwanga zaidi niongeze upana wa dirisha. Ni kweli?

Nusu kweli. Upana unaongeza mwanga hapo karibu na dirisha, kinachoupeleka mwanga mbali ndani ni kimo, yaani kingo ya juu ya dirisha iko wapi. Kanuni tunayotumia ni kwamba mwanga wa kufanyia kazi unafika umbali wa kama mara mbili ya kimo hicho kutoka sakafuni. Dirisha likiishia mita 2.1 utaona vizuri hadi mita 4 na kidogo, baada ya hapo unawasha taa mchana. Ukipandisha lenta (boriti inayolala juu ya dirisha) hadi mita 2.6 unapata zaidi ya mita 5 bila kuongeza hata sentimita ya upana. Kwa hiyo mwambie fundi apandishe, lenta isogee karibu na dari inavyowezekana. Na kile kioo cha chini, cha kuanzia sakafuni hadi sentimita 80, kinakupa mandhari na joto, lakini mwanga unaofika juu ya meza hakiongezi kitu cha maana.

Kuna jambo lingine watu hawalizingatii kabisa nalo ni rangi. Dari jeupe linarudisha asilimia 80 na zaidi ya mwanga unaolifikia, ukuta wa rangi nzito ya kahawia au kijivu unaweza kurudisha asilimia 20 au chini ya hapo, umelipia dirisha afu ukuta unaumeza mwanga wote. Paka dari jeupe lisilong'aa, na ukuta ulio mkabala na dirisha uwe wa rangi nyepesi.

Na kama chumba kiko kwenye kona, tafadhali gawa eneo lile lile la kioo kwenye kuta mbili. Dirisha moja kubwa kwenye ukuta mmoja linafanya ukuta wenyewe uonekane mweusi pembeni yake na macho yanachoka, mtu akisimama mbele yake humuoni sura. Mwanga ukija kutoka pande mbili vivuli vinalainika na chumba kinakaa vizuri hata kama lux (kipimo cha mwanga) hazijaongezeka. Ukishapita asilimia 40 ya ukuta kuwa kioo, kwa nyumba ya kawaida, faida ya mwanga inazidi kupungua wakati joto linaendelea kupanda vile vile, mimi huko siendi bila sababu.

Kioo cheusi (tinti) kinapunguza joto kweli au ni urembo tu?

Kinapunguza, lakini kwa njia isiyo nzuri. Tinti ya kawaida inalinyonya jua, kioo chenyewe kinapata moto, shika mchana utaona, na sehemu ya joto hilo inamwagika ndani. Wakati huo huo mwanga umeukata, mnakaa gizani mnawasha taa, na taa nazo zinatoa joto.

Kidogo zaidi ya nusu ya nguvu ya jua inayotufikia ni miale ambayo macho hayaioni, haikusaidii kusoma wala kupika, inaleta joto tu. Sasa kuna vioo vyenye utando mwembamba sana wa metali, mara nyingi fedha, vinavyorudisha nje hiyo miale isiyoonekana na kuuachia mwanga upite. Kizuri kinaweza kupitisha asilimia 60 hivi ya mwanga na asilimia 30 hivi tu ya joto la jua. Ukienda kununua usiulize rangi, uliza namba mbili: mwanga unaopita ni asilimia ngapi, na joto la jua linalopita ni asilimia ngapi. Unataka ya kwanza iwe kubwa na ya pili ndogo. Muuzaji akikosa namba hizo, kioo hicho huna unachokijua zaidi ya rangi yake.

Stika za kubandika kwa ndani zinasaidia kiasi, ila kwenye kioo cha vioo viwili uliza kwanza, maana joto linaweza kujikusanya na kukipasua.

Ya slaidi au ya bawaba?

Kwa upepo, bawaba. Slaidi hata ukiifungua yote nusu ya dirisha imebaki imefungwa, ya bawaba inafunguka karibu yote na bawa lake unaweza kulitumia kuukamata upepo unaopita sambamba na ukuta na kuuingiza ndani. Luva (vile vipande vya kioo vinavyogeuka) nazo zinafunguka vizuri sana ila zikifungwa bado zinavuja hewa, kama unatumia kiyoyozi au uko kwenye baridi ziache.

Lakini aina ya dirisha haina maana kama chumba kina tundu moja tu. Upepo hauingii mahali ambapo hauwezi kutoka. Weka tundu la pili ukuta wa pili, hata dogo, hata kidirisha juu ya mlango, na likiwa juu zaidi ya lile la kuingilia ndo bora kwa sababu hewa ya moto inapanda yenyewe. Wavu wa mbu nao unapunguza kasi ya upepo sana, hasa ukijaa vumbi, kwa hiyo tundu lenye wavu lifanye kubwa zaidi, usiondoe wavu.

Vioo viwili (double) vina faida sehemu za joto?

Inategemea unaishije. Kioo kimoja kinapitisha kama wati 5.8 kwa mita ya mraba kwa kila nyuzi moja ya tofauti kati ya nje na ndani, viwili vya kawaida kama 2.8, viwili vyenye utando na gesi ya argoni katikati vinashuka hadi 1.2 hivi. Zingatia maneno "tofauti kati ya nje na ndani". Kwenye baridi kali tofauti ni nyuzi 20 au 30 na faida yake ni kubwa mno. Ukiwa na kiyoyozi kinachofanya kazi muda mrefu pia kuna faida. Lakini kama madirisha yako wazi kutwa nzima, joto la ndani na nje ni lile lile, hela hiyo peleka kwenye kivuli. Vioo viwili vyeupe visivyo na kivuli bado vinapitisha karibu robo tatu ya joto la jua, hilo watu wanashtuka nikiwaambia.

Na ukinunua, angalia fremu. Alumini tupu inapitisha joto kuliko PVC au mbao mara mia kadhaa, kioo kizuri kwenye fremu hiyo unakipunguzia kazi. Kuna alumini zenye kipande cha plastiki ngumu katikati kinachotenganisha ndani na nje, hizo ndo za kuchukua.

Asubuhi kioo kinatoa majimaji, kimeharibika?

Yakiwa upande wa ndani ya chumba hapana, ni unyevu wa pumzi, mapishi na nguo zinazokaushwa ndani umekutana na kioo cha baridi. Toa hewa nje. Yakiwa katikati ya vioo viwili ndiyo, mpira wa kuziba umeachia na kipande hicho kinabadilishwa.

Korido yangu giza totoro, nataka kutoboa paa niweke bati la kupitisha mwanga. Ushauri?

Subiri kidogo. Tundu la paa linaangalia anga lote kwa hiyo linaleta mwanga mwingi kuliko dirisha la ukutani la ukubwa ule ule, lakini saa sita linapokea jua zima na ndo muda usiolitaka. Jaribu kwanza vioo juu ya milango ya vyumba, korido ikope mwanga wa vyumba. Ikishindikana, inua sehemu ya paa uweke dirisha la wima juu kule, upande usiopigwa na jua la alasiri, linalofunguka ili litoe na hewa ya moto. Ukilazimika kutoboa paa lenyewe, tundu liwe dogo na chini yake weka dari la kioo cha maziwa ili mwanga utawanyike.

Grili zinazuia mwanga? Mume wangu anataka zile zenye maua mengi.

Nondo nyembamba zinazuia kidogo, maua mazito yanazuia mwingi zaidi, na kioo kinakuwa kigumu kufuta, wakati vumbi nalo linakula mwanga. Ila dada yangu, kabla ya maua zungumzeni hili: kila chumba cha kulala kiwe na grili moja yenye bawaba inayofunguka kwa ndani, tundu la kutosha mtu mzima kupita, na kitasa ambacho hata mtoto mkubwa anakifungua gizani bila kutafuta ufunguo. Moto ukitokea mlangoni hiyo ndo njia ya kutokea. Kama grili zimeshachomewa, fundi anaweza kukata moja na kuiwekea bawaba, ni kazi ya siku moja, mwiteni wiki hii.