Jibu: Je, waamuzi wa jarida la chuo huona jina la mwandishi?

Ndugu, umeuliza kama waamuzi wa jarida la sanaa la chuo chenu cha miaka miwili hapo Marekani wataliona jina lako. Kwa kawaida hapana. Nilipokaa kwenye jopo la wanafunzi, mwalimu mlezi alifuta majina kwanza, tukabaki na namba tu. Shida ni sisi waandishi wenyewe: mmoja aliandika jina lake chini ya shairi, tena kwa herufi nzito! Likawekwa kando. Kagua hata jina la faili.

Shairi la Kiswahili tuma, ila ambatanisha tafsiri. Vina vyako wengi hawatavisikia. Mchoro upige picha mchana, karibu na dirisha, bila flashi. Mwaka ule michoro miwili mizuri iliangushwa na mng'ao wa taa.